Shukrani Inamtafuta Mwenyewe

Kwetu Iramba, kaburi likishafukiwa msiba haujaisha. Wiki chache baadaye, wageni wa mbali wakiwa wamerudi Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, wafiwa huenda kanisani siku ya Jumapili, husimama mbele ya madhabahu, na mchungaji hutangaza kwamba familia hii imekuja kutoa shukrani. Mgeni asiyeijua desturi hii huuliza, na ana haki ya kuuliza: shukrani ya nini? Mtu amekufa. Watoto wamebaki bila mama, mume amebaki na kitanda kilichomzidi upana. Wanashukuru kwa lipi?

Nimesimama pale kwa ajili ya baba yangu, kwa ajili ya mama yangu, na kwa ajili ya mwanangu mmoja aliyetangulia akiwa kijana. Mwaka huu nilisimama kwa ajili ya mama watoto wangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na swali la mgeni yule naona linastahili kujibiwa taratibu, kwa sababu msibani hapana nafasi hiyo.

Jibu linalotolewa haraka ni la Ayubu. Sikumbuki msiba wa Kikristo hapa Singida ambao maneno yake ya sura ya kwanza hayakusomwa, yale ya Bwana kutoa na Bwana kutwaa. Ni maneno mazito na ninayaamini. Lakini kitabu cha Ayubu kina sura 42, na mtu yule hakunyamaza baada ya ile ya kwanza. Katika sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa. Baada ya hapo anamdai Mungu maelezo, sura baada ya sura, na mwishoni wanaokemewa ni wale marafiki zake waliokuwa na jibu kwa kila kitu. Mimi hupenda kuurudia mwisho wa sura ya pili, kabla marafiki hao hawajaanza kuhubiri. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo hata mmoja kutamka neno. Hayo ndiyo matanga ninayoyajua. Wazee wenzangu walikuja, wakakoka moto uani, wakakesha. Anayetaka kuzungumza alizungumza habari za mvua. Niliwashukuru wao kabla sijaweza kumshukuru Mungu, na naamini Mungu hakuona vibaya.

Nitamke wazi jambo moja, maana wapo wafiwa wanaolala macho kwa ajili yake: sikumshukuru Mungu kwa kifo cha mke wangu. Imani yangu hainidai hivyo. Kifo kiliniumiza na kinaniumiza hata sasa ninapoandika. Niliyemshukuria pale madhabahuni ni yeye mwenyewe, kwamba alikuwepo, kwamba katika wanawake wote wa nchi hii yeye ndiye aliyekuja kuishi na mimi. Mtu anayejilazimisha kushukuru kwa jeneza anajitesa bure.

Shida yangu ilikuwa kwingine. Kushukuru ni kazi ya watu wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za Tanzania, anayemaliza kula husema, "Asante kwa chakula," na aliyepika hujibu, "Asante kushukuru." Tumeyasema maneno hayo tangu tulipooana, hata siku ambazo tulikuwa tumekasirikiana na hatukuwa na maneno mengine. Msiba ulipotawanyika, mjukuu wangu wa darasa la sita alipika ugali na maharage. Nikala, nikanawa, nikasema asante kwa chakula. Mtoto akanitazama. Siku zote jibu lilikuwa la bibi yake. Kisha akaelewa, akaweka mikono magotini kama mtu mzima, akajibu, "Asante kushukuru, babu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiona shukrani kama barua iliyofika posta wakati mwenye sanduku amekwisha kuhama. Barua ni halali, jina ni sahihi, haina pa kwenda. Ndiyo maumivu yenyewe ya kufiwa baada ya ndoa ndefu. Watu hudhani mjane anakosa kupewa: kupikiwa, kufuliwa, kuulizwa umeamkaje. Hayo nayakosa, lakini wanangu na majirani wamejitahidi kuyaziba. Lisilozibika ni kukosa wa kumpa.

Tulioana mwaka 1974. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo anajua uzito wa mwaka huo. Ukame ulikuwa umeishika nchi, Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu kutoka kwenye mashamba ya wazee wao kwenda kupangwa kwenye mistari, na chakula kilikuwa unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ule tulioubatiza yanga. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Ualimu Kinampanda, katika eneo ambalo wamisionari wa Kanisa la Kilutheri la Augustana kutoka Marekani walianza kazi miaka ya 1920, na ambako wazee wetu walibatizwa wakiwa watu wazima wenye ndevu. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa tembe: miti, udongo, na paa bapa la udongo. Kiangazi ndani ni baridi ya kupendeza. Masika hujui tone litadondokea kichwa cha nani. Mke wangu aliingia humo na masufuria mawili na ungo, akafagia, akaanza maisha.

Mtu wa Kilimanjaro au Bukoba anaweza asielewe shukrani ya mtu wa Singida. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua. Zinaanza Novemba au Desemba, na mwaka mzuri zinafika Aprili, milimita kati ya 600 na 800 kwa maeneo mengi. Zikikatika Februari, huna vuli ya kukufidia; unasubiri mwaka mzima. Ndiyo maana wazee walishikilia uwele na mtama wakati wengine walikuwa wanayakimbilia mahindi. Na uwele nao, ukisalimika na jua, unakutana na kwelea kwelea, ndege wadogo wanaotoka upande wa bonde la Wembere kwa makundi yanayotia giza anga. Kila mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Niliwahi kuwapa darasa la saba hesabu hiyo: ndege milioni moja watakula kiasi gani? Jibu ni tani 10, kwa siku moja. Darasa zima lilinyamaza, kwa sababu kila mtoto mle ndani alikuwa na shamba la mama yake akilini.

Kwa hiyo uwele unapokomaa watu huhamia shambani kuamia ndege. Mke wangu alikuwa akipanda dunguni kabla ya jua, mtoto mgongoni, debe bovu pembeni na kombeo mkononi. Shule niliyofundisha wakati huo haikuwa mbali na shamba. Nikiwa ubaoni, upepo ukielekea kwetu, nilisikia debe likipigwa, na sauti yake ikipanda kwa ukali usioufahamu ukimwona kanisani. Nikajua yuko salama, na chakula cha mwaka kiko salama. Nimesikia kwaya nyingi katika maisha yangu. Sauti ile ya dunguni naiweka juu yao.

Watu waliokuzwa hivyo hawakusubiri kanisa liwafundishe kushukuru. Kanisa liliwakuta tayari wanajua kwamba gunia moja la uwele ni mvua, ni mbegu, ni mgongo wa mwanamke, ni ndege waliokwenda kwa wengine, yote yamekubali kwa wakati mmoja. Lilichotuletea kanisa ni jina la kumtajia shukrani ile iliyobaki baada ya kuwashukuru watu wote. Kwangu mimi hilo ni kubwa. Mtu akiwa na shukrani asiyojua amkabidhi nani, huweza kuigeuza majivuno, akadhani kila kitu kimetokana na akili zake.

Kuhusu familia, somo langu kubwa nililipata redioni. Baba yangu alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimi nikiwa nimehamishiwa Manyoni, kule reli ya kati inakopita. Simu haikuwepo ya kumfikia mwalimu wa kijijini. Ndugu walipeleka tangazo Radio Tanzania Dar es Salaam, na jioni, nyumbani kwa jirani mwenye redio, nikasikia matangazo ya vifo. Vijana wa leo hawayajui yale. Mtangazaji alisoma polepole, bila kukosea: fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Arusha, fulani wa jeshini, na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Kwa sisi Wanyiramba, ambao tangu zamani ukoo tuliuhesabu kwa upande wa mama, orodha isiyo na wajomba ilikuwa aibu, kwa hiyo wajomba wote walitajwa.

Nikasikia jina la baba yangu. Nikasikia langu, katikati ya majina mengine. Jirani yangu akazima redio, akanishika bega. Ninachokumbuka pamoja na uchungu ule ni urefu wa orodha. Sikuwahi kuusikia ukoo wetu ukisomwa wote kwa mara moja. Kifo cha mtu mmoja kilituita kama mahudhurio ya asubuhi shuleni, na kila aliyetajwa alikuwa na kipande cha baba yangu: huyu alifundishwa naye kurina asali, yule alipewa ndama, yule alilipiwa faini. Yule tuliyetaka kumshukuru alikuwa ameondoka, na wale waliobeba alama za mikono yake walikuwa wametapakaa nchi nzima, wanatajwa na Radio Tanzania.

Alipofariki mke wangu, habari zilizunguka kwa dakika chache kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na michango ikaanza kuingia kwa simu kabla hata mwili haujatolewa wodini. Sidharau hilo hata kidogo. Wanangu walio Mwanza walipanda basi usiku uleule, Shinyanga, Nzega, Igunga, wakaupanda mlima Sekenke alfajiri, wakashukia Misigiri, na saa mbili asubuhi walikuwa uani. Enzi za redio wangekuta tumeshazika. Hata hivyo natamani angekuwepo mtu wa kuyasoma majina yetu kwa sauti, moja moja, kwa utulivu ule.

Alifariki Januari, kwa kiharusi, baada ya siku chache za hospitali. Ni mwezi mbaya wa kufa kwa mkulima. Alizeti ilikuwa imeota na majani yalikuwa yanaikimbiza. Nilikuwa nimekwisha kulisamehe shamba lile moyoni. Wiki ya pili baada ya mazishi nikaenda kulitazama tu, nikakuta limepaliwa hadi mwisho, safi, mistari inaonekana. Akina mama wa jumuiya yetu walikuja na majembe yao asubuhi moja, wakapalia, wakaondoka bila kupita nyumbani. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Mwalimu, hatukuja kwako. Tulikuja kwa mwenzetu."

Jibu hilo lilinifungua. Wao nao walikuwa na shukrani iliyokosa mwenyewe. Alikuwa amewazalisha wengine wao usiku wa mvua, ameketi na watoto wao, amewaazima kinu na ungo na chumvi. Wakaipeleka shambani kwake.

Kulikuwa pia na mlenda. Masika yaliyotangulia alikuwa amechuma majani, akayaanika, akayatwanga kinuni mpaka yakawa unga, akauhifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kama alivyofanya kila mwaka ili kiangazi kisitukute na ugali mkavu. Binti yangu mkubwa aliponiuliza kama tuutunze, kwa kuwa ni kazi ya mwisho ya mikono ya mama yake, nilimwambia tuule. Alitwanga ili watu wale. Picha zake tutazitunza, na kitabu chake cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, kilichoachana na jalada lake. Lakini chakula kilichoandaliwa na mtu anayekupenda ukikiacha kikaota ukungu umemkosea heshima. Tukaula kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, kwa ugali wa uwele, na kila mara mezani alitajwa. Mwezi wa tano ndoo ikaisha. Nilisimama nayo mlangoni, nikalia vizuri kuliko nilivyolia makaburini. Mjukuu wangu tayari alikuwa ameanika majani yake kwenye paa la banda la kuku. Bibi yake alikuwa amemfundisha yapi ni ya kuchuma na yapi ni ya kupita.

Siku zangu sasa ni za kawaida, na nazipenda. Naamka na jogoo. Nawafungulia kuku, nawarushia mashudu kidogo. Nakunywa chai ya maziwa nikitazama mawe yetu makubwa, yale majabali ya Singida yaliyopandana kana kwamba kuna aliyeyapanga, jinsi jua linavyoyashika moja baada ya jingine. Mwezi wa sita na wa saba upepo unavuma mchana kutwa na mashine za kukamua alizeti zinanguruma. Kijiji chote kinanukia mafuta. Jioni wajukuu wanasoma kwa taa ya sola na mimi nawasahihishia. Magoti yananiuma. Kila moja ya haya namtajia Mungu kwa jina lake kabla ya kulala, na magoti pia, maana yananipeleka bado ninakotaka.

Mavuno ya mwaka huu nilipeleka kanisani gunia moja la alizeti ya shamba lile. Asiyeijua sikukuu ya mavuno ya Walutheri wa huku afikirie mnada wenye furaha kuliko minada yote. Ibada ikiisha, sadaka hutolewa nje: madebe ya uwele, vitunguu, maboga, michembe, kuku waliofungwa miguu, mayai kwenye vikapu, mwaka mzuri hata mbuzi. Mzee wa kanisa anapaza sauti, watu wanapandishiana bei. Mtu ananunua yai kwa bei inayozidi ya kuku, analirudisha mezani, linauzwa upya. Yai moja laweza kununuliwa na watu watano na bado likaishia kwa mjane asiyekuwa na kitu. Hakuna anayeona kuwa amepata hasara.

Gunia langu lilipofikiwa, mzee akauliza ni la nani. Nikasema ni la akina mama wa jumuiya na mwenzao. Wakaguna, wakacheka, wengine wakashika khanga machoni. Kisha wakachangishana, wakalinunua, wakalirudisha mezani. Likauzwa tena.

Katika ibada ile ya shukrani ya mwezi wa pili nilimwomba mchungaji nisome orodha. Ualimu hauishi mwilini. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Vijana waliochimba kaburi siku mbili kwa sababu chini walikuta mwamba. Walioleta kuni. Waliochota maji na matenki yetu yalikuwa makavu. Dereva aliyekataa nauli ya kuuleta mwili. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akimwita mke wangu "mama" hata alipokuwa hawezi tena kuitika. Nilisoma kila mtu kwa jina, polepole, kwa namna ya watangazaji wa zamani wa Radio Tanzania, na kila aliyetajwa alisimama. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyetoka.

Mstari mmoja haukuwa na jina. Wodini, kitanda cha pili kutoka chetu, alikuwepo mwanamke aliyekuwa anamuuguza mama yake. Mimi ni mwanamume, wodi ya wanawake niliruhusiwa saa za kutazama wagonjwa tu, na binti yangu alikuwa bado njiani. Mwanamke yule, bila kuombwa, alimnywesha mke wangu uji wa uwele asubuhi na jioni, kijiko kimoja kimoja, akimfuta mdomo, na kila kijiko kilipomezwa akisema Alhamdulillahi. Niliyaona hayo kutoka mlangoni. Waliruhusiwa alfajiri moja nikiwa nimekwenda kutafuta dawa mjini, na niliporudi kitanda chao kilikuwa kimetandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Ninalojua ni kwamba ni wa upande wa Ikungi na mama yake alikuwa na bandeji mguu wa kushoto.

Namuulizia bado. Nimewaagiza wachuuzi wa vitunguu, makondakta, na sheikh mmoja ninayefahamiana naye Singida mjini. Nimemtengea jogoo na mtetea; mtetea ameshaangua, na vifaranga ni vya kwake pia. Kama unamfahamu, mwambie mume wa yule mama wa kiharusi anamsalimu. Ashukie Misigiri, achukue gari la Kiomboi, aulize nyumba ya mwalimu mstaafu. Aje na mama yake kama anaweza kutembea.